Kukutana Tena na Marafiki wa Utotoni

Likizo ikifika, mafrateri wengi hurudi nyumbani na kukutana na vijana waliocheza nao chandimu na kuchunga nao mbuzi. Salamu za kwanza huwa na furaha kubwa. Milima haikutani, binadamu hukutana. Baada ya nusu saa maneno huisha. Mmoja anatazama simu, mwingine anaaga. Kwa nini watu walioshibana hivyo wakose la kusema?

Aristotle alizungumzia urafiki katika Maadili ya Nikomako, vitabu vya 8 na 9. Aliugawa katika aina tatu. Urafiki wa manufaa hudumu maadamu mtu anapata kitu kwa mwenzake. Urafiki wa raha, ambao aliuona hasa kwa vijana, hudumu maadamu wote wanafurahia mambo yale yale. Urafiki wa fadhila ni wa watu wema wanaotakiana mema kwa ajili ya mwenzao mwenyewe. Huu ni adimu na huhitaji muda: alikumbusha methali ya watu wake kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. Kwetu, aliyekula chumvi nyingi ni mzee. Kwa Aristotle, chumvi hiyo sharti iliwe na mwenzako.

Urafiki wa utotoni kwa kawaida ni wa raha. Mchezo ukiisha, kilichowaunganisha kimekwisha, bila yeyote kumsaliti mwenzake. Je, tuuache? Katika kitabu cha 9 Aristotle anauliza: mmoja akibaki na akili za kitoto na mwenzake akakomaa, wataendeleaje kuwa marafiki? Anaona ni vigumu, lakini anasema tukumbuke ukaribu wa zamani, na rafiki wa zamani tusimtendee kama mgeni.

Hapa pana mtego kwetu tunaosoma. Ni rahisi kudhani kwamba aliyekomaa ni mimi. Likizo iliyopita nilikaa kijiweni na rafiki yangu wa darasa la kwanza, ambaye sasa ni dereva wa bodaboda. Nilimwuliza habari za nyumbani, akajibu, "Nzuri, Frateri." Nikaendelea kumsimulia maisha ya seminari kwa muda mrefu, naye akasikiliza. Jioni mama aliniambia kwamba kijana yule alimzika mtoto wake mwezi wa pili. Kati yetu wawili, nani alikuwa bado mtoto?

Mtakatifu Augustino aliwahi kupata somo kali zaidi, analolisimulia katika kitabu cha 4 cha Maungamo. Alirudi kufundisha Thagaste, mji aliozaliwa, katika nchi ya leo ya Algeria. Huko alishikamana na kijana aliyekua naye na kusoma naye, ingawa anakiri kwamba utotoni hawakuwa marafiki kwa kiasi kile. Alimvuta kwenye mafundisho ya Wamani. Kijana akaugua homa, akabatizwa akiwa hajitambui. Alipopata nafuu, Augustino alifanyia mzaha ubatizo ule, akitarajia wacheke pamoja. Rafiki yake alimkemea: akitaka wabaki marafiki, aache maneno hayo. Siku chache baadaye homa ilirudi, akafa Augustino akiwa hayupo. Mwalimu alidhani bado anamfahamu rafiki yake, kumbe mwenzake alikuwa amemtangulia.

Basi, kumbukumbu za utotoni hutufungulia mlango tu. Urafiki wenyewe huanza upya, kwa kuuliza swali la pili baada ya "nzuri", kwa kunyamaza, na kwa kumfuata mtu kwake badala ya kumngoja kijiweni.

Kesho yake nilikwenda kumpa pole. Hatukusema mengi. Mkewe alileta ugali na dagaa, tukanawa, tukala sahani moja. Bwana wetu aliwaita wanafunzi wake rafiki baada ya kuishi nao na kula nao. Nasi tunaotumaini kuwa wachungaji tuanzie hapo, kwa wale waliotujua kabla hatujaitwa Frateri.