"Maji ya Jicho" katika Vitabu vya Fiqhi: Maana Yake na Hukumu Yake

Katika mlango wa Sala ya mgonjwa, vitabu vya fiqhi hutaja mas-ala ya mtu aliyeteremkiwa na maji katika jicho lake. Baadhi ya wanafunzi wetu huyafasiri maji haya kuwa ni machozi. Kosa hili si dogo, kwani tumewahi kuulizwa na mzee aliyekataa kutibiwa macho kwa kisa kinachotajwa hapo. Basi tulieleze neno kwanza, kisha hukumu.

Matabibu wa kale, Wayunani na baada yao Waarabu, walidhani kwamba majimaji huteremka kutoka kichwani, yakaganda nyuma ya mboni na kuzuia nuru. Kwa hiyo Waarabu wakauita ugonjwa huu al-maa-un-naazil, yaani maji yateremkayo. Walatini nao wakauita cataracta, maporomoko ya maji. Mwanzoni mwa karne ya 18 ndipo ilipobainishwa huko Ufaransa kuwa hakuna maji yanayoteremka, bali ni lenzi ya jicho yenyewe iliyofanya ukungu. Huu ndio tunaouita sisi mtoto wa jicho. Waarabu wa leo husema al-maa-ul-abyadh, maji meupe. Ama al-maa-ul-azraq, maji ya buluu, huo ni ugonjwa mwingine, presha ya jicho, na nuru iliyopotea kwa ugonjwa huo hairudi.

Tiba ya zamani iliitwa al-qadh: tabibu huingiza sindano jichoni na kuisukuma lenzi hiyo iondoke mbele ya mboni. Kisha mgonjwa hulazwa chali siku kadhaa, asirukuu wala asisujudu. Hapo ndipo mafaqihi walipoulizwa: je, anayeweza kusimama anaruhusiwa kusali amelala kwa ajili ya tiba?

Imepokewa kuwa Ibn Abbas (R.A.), aliyefariki Taif mwaka 68 Hijria (687), alipoteremkiwa na maji hayo aliambiwa atibiwe kwa sharti hilo. Akataka ushauri kwa baadhi ya Masahaba, hawakumruhusu, naye akaiacha tiba. Imam Malik na al-Auzai wameshika kauli hii. Ama Ibn Qudama (aliyefariki 620 H) katika al-Mughni amejuzisha, iwapo matabibu waaminifu wamesema hivyo. Hoja yake ni kwamba Mtume (S.A.W.) alisali ameketi alipoanguka kutoka juu ya farasi akaumia ubavu, na kuhofia madhara ni udhuru. Kwetu sisi Mashafii kuna kauli mbili, na iliyo sahihi zaidi kwa Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 H) ni kujuzu.

Tuzingatie sasa kwamba kilichowatia shaka waliokataza si tiba yenyewe, bali ni kuiacha nguzo ya kisimamo kwa siku kadhaa. Upasuaji wa leo huitoa lenzi iliyoharibika na kutia ya bandia, na aghlabu mgonjwa hurejea nyumbani siku hiyo hiyo, akitembea kwa miguu yake. Basi anayekataa upasuaji huu kwa kisa cha Ibn Abbas ameichukua hukumu, akaiacha sababu yake.

Baada ya upasuaji, daktari akimkataza mgonjwa kuinama, asali kwa kusimama, na rukuu na sijda azifanye kwa ishara kadiri awezavyo, kisimamo hakimwondokei. Akikatazwa maji jichoni, ataosha sehemu ya uso isiyodhurika na kutayamamu kwa ile iliyobaki. Kukiwa na bandeji, atapaka maji juu yake pia, ikiwa haimdhuru. Sala haiachwi, na jicho halipotezwi.

Wallahu a'alam.