Wazazi wa Vijana Wanamaji Wasiachwe Gizani

Miongoni mwa kazi nzito ambazo kijana wa visiwa hivi anaweza kuitwa kuzifanya ni kuvaa sare na kuilinda bahari. Wapo wanaojiunga na Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM, chenye makao makuu yake Kibweni, ambacho Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inakitambua kuwa ni moja ya Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi. Wapo pia wanaoingia katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania na kupangwa katika Kamandi ya Wanamaji, Kigamboni, iliyoanzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China. Vijana hao husifiwa, na sifa hiyo ni haki yao. Lakini nyuma ya kila mmoja wao wapo watu wawili ambao ni nadra kutajwa katika hotuba na magwaride, nao ni baba yake na mama yake. Leo tunapenda kuwasemea hao.

Tunachagua kuisema rai yetu kwa kuitazama Kizimkazi, wala si kwa bahati tu. Kijiji hicho cha kusini ya Unguja kimeishi na bahari kwa karne nyingi. Msikiti wake wa Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107 wa Miladia. Hapo ndipo alipozaliwa, Januari 1960, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, ambaye tangu tarehe 19 Machi, 2021 ni Rais wa Jamhuri ya Muungano na, kwa mujibu wa Ibara ya 33 ya Katiba ya Muungano, ni Amiri Jeshi Mkuu. Kwa hiyo wazazi wa Kizimkazi hawana haja ya kufundishwa thamani ya bahari, wala thamani ya jeshi. Wanachohitaji ni kujua hali ya watoto wao.

Watu wa pwani wanajua kungoja. Tangu zamani wavuvi wa Unguja na Pemba wamekuwa wakienda dago, wakihamia bandari za mbali kwa majuma, pengine kwa miezi, wakifuata samaki kwa kadiri ya pepo za kusi na kaskazi. Mke na wazazi waliobaki hawakupata habari kila siku, na hawakulalamika kwa hilo. Lakini dago lilikuwa na utaratibu wake. Aliyebaki nyumbani alijua mambo matatu: wameelekea bandari gani, nahodha wao ni nani, na watarudi kiasi cha mwezi gani. Zaidi ya hayo alimwachia Mungu. Mambo hayo matatu yalitosha kumpa mtu usingizi.

Sasa na tuitazame hali ya mzazi wa kurutu. Mwanzoni mambo huwa wazi. Barua ya sheha imeandikwa, usaili umefanywa, jina limetoka, na siku ya kuripoti inajulikana. Kijana huagwa kwa dua na mkoba wake huwa mkononi. Mzazi huhesabu miezi ya mafunzo ya awali, akitarajia kwamba baada ya gwaride la kuhitimu mwanawe atarudi nyumbani akiwa askari kamili. Hapo ndipo hesabu inapovurugika. Kwa jeshi la majini, mafunzo ya awali ni mlango tu. Baada ya gwaride huja mafunzo maalum: fundi wa injini hufundishwa injini, mwongoza chombo hufundishwa chati na rada, mtu wa mawasiliano hufundishwa redio, na waliochaguliwa kwa uokozi hufundishwa kupiga mbizi. Kila mmoja hufunzwa pia kuuzima moto ndani ya chombo, kwani katikati ya bahari hakuna wa kumwita. Mzazi aliyehesabu miezi sita anajikuta anahesabu tena upya, na hajui ahesabu mpaka lini.

Yafaa tueleze kwa nini mafunzo hayo ni marefu, maana mzazi anayeelewa hungoja kwa moyo mwepesi zaidi. Tuchukue mfano wa kupiga mbizi, ambao watu wa Kizimkazi watauelewa upesi. Mvuvi anayezama kutafuta kamba au pweza huzuia pumzi na kurudi juu baada ya muda mfupi. Askari mpiga mbizi huvuta hewa kutoka katika mtungi, na hilo ni jambo jingine kabisa. Kila mita 10 za kina huongeza mkandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwa hiyo aliye kwenye kina cha mita 30 hukandamizwa mara nne ya mtu aliyesimama ufukweni. Katika mkandamizo huo naitrojeni iliyomo katika hewa anayoivuta huyeyuka na kuingia katika damu na nyama yake. Akipanda juu kwa pupa, naitrojeni hiyo hugeuka mapovu mwilini, na mapovu hayo huweza kumpoozesha au kumwua. Ni lazima apande polepole, akisimama kwa vituo, hata kama moyo wake unamtaka akimbilie juu. Adabu ya namna hiyo haifundishiki kwa siku mbili. Usione vyaelea, vimeundwa. Na mtu wa bahari naye huundwa.

Hatusemi kwamba kurutu apewe simu alale nayo. Katika majeshi mengi duniani kijana huachishwa simu tangu siku za mwanzo, na sababu zake zinaeleweka. Mkufunzi anataka kijana asikilize amri moja, si mbili. Anataka wanafunzi wawe ndugu wao kwa wao, wapate kutegemeana siku ya hatari. Tena jeshi lina siri zake, na picha moja iliyopigwa kwa mzaha yaweza kuonyesha boti, mtambo au mpangilio wa kambi ambao adui angelipa fedha nyingi auone. Ukimya wa kijana tunaukubali. Tunaouhoji ni ukimya unaomwangukia mzazi, kwani huo ni wa namna nyingine, na hauna faida kwa mtu yeyote.

Kwanza, pasipo na habari huingia uvumi. Mtu mmoja akisikia sokoni kwamba kijana fulani ameumia mazoezini, mpaka Magharibi habari imekwisha fika kwa akina mama kumi, na kila mmoja anaamini kwamba huyo ni wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wapo wagonjwa wa shinikizo la damu ambao uvumi wa namna hiyo huwadhuru kweli, na dawa yake ilikuwa ni neno moja tu kutoka kwa mtu anayehusika.

Pili, pasipo na habari huingia matapeli. Majeshi yetu yamekwisha kuwaonya wananchi mara nyingi kwamba nafasi za jeshi haziuzwi. Lakini mtu mwovu akishamaliza hila ya kuuza nafasi, ana hila nyingine iliyo karibu nayo. Anapiga simu usiku, anajitaja kwa cheo, anamwambia mzazi kwamba mwanawe amevunjika mguu na kwamba fedha za matibabu zinatakiwa kabla ya asubuhi. Mzazi asiyejua pa kuuliza atafanya nini? Atauza mbuzi wake au mashine yake ya boti. Lau angekuwa na namba moja rasmi ya kupiga, hila hiyo ingekufa katika dakika moja.

Tatu, na hili tunaliweka mbele ya maofisa wa usalama kwa heshima, mzazi aliyenyimwa habari zinazoruhusiwa ndiye atakayesambaza zile zisizoruhusiwa. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye intaneti. Mama mwenye wasiwasi ataweka picha ya mwanawe hadharani, atataja kambi, atataja mafunzo anayodhani anayasomea, na atauliza kama yupo amjuaye. Hafanyi hivyo kwa ubaya, bali kwa mapenzi. Hivyo basi, kumpa mzazi habari chache zilizo halali ni njia mojawapo ya kuilinda siri ya jeshi.

Jambo hili si geni katika ulimwengu. Mwezi wa Septemba 1970 Admirali Elmo Zumwalt, aliyekuwa mkuu wa jeshi la wanamaji la Marekani, aliwaagiza makamanda wake waweke utaratibu wa kuwasikiliza wake za mabaharia kwa kupitia mwakilishi wao, ambaye angeweza kumwendea kamanda moja kwa moja na malalamiko na mapendekezo yao. Wapo waliodhani kwamba askari hawapaswi kusumbuliwa na mambo ya majumbani. Utaratibu huo umedumu zaidi ya nusu karne. Katika jeshi hilohilo, makurutu wanaofundishwa Great Lakes, katika jimbo la Illinois, hupata simu chache mno. Lakini jamaa zao huijua siku ya kuhitimu, wanaoweza hualikwa, na wasioweza huitazama hafla kwa njia ya intaneti. Nidhamu ya jeshi hilo haikuharibika kwa sababu hiyo.

Hatusemi tuige kila kitu cha matajiri. Sisi tunacho chombo chetu ambacho wao hawana, nacho ni shehia. Sheha ndiye aliyethibitisha kwamba kijana ni mkaazi wa mahali hapo. Sheha huyohuyo anaweza kuwa njia ya kurudishia habari. Rai yetu ni kwamba kila kikosi kinachochukua vijana kwa mafunzo ya bahari kiwe na ofisa mmoja wa mawasiliano na wazazi, mwenye namba ya simu inayojulikana na iliyotangazwa katika tovuti rasmi. Ofisa huyo asitoe siri yoyote. Atoe mambo matatu tu, yale yale ya dago: kijana yuko katika hatua gani ya mafunzo, mzazi aulize wapi likitokea la kuulizwa, na kuhitimu kunakadiriwa kuwa mwezi gani. Kijana akichaguliwa kwa mafunzo maalum, mzazi aarifiwe siku hiyo kwamba muda umeongezeka, asije akangoja mlangoni mtu asiyekuja.

Tena tunapendekeza kwamba katika kila wilaya wazazi wenyewe wakutane mara moja kwa miezi michache. Mzazi ambaye mwanawe amekwisha kuhitimu ana elimu ambayo haimo katika tovuti yoyote. Yeye anajua kwamba barua ya kwanza huja fupi na kavu, na kwamba ufupi huo si chuki. Anajua kwamba kijana hurudi amekonda lakini mzima. Maneno hayo yakitoka kwa jirani huingia moyoni kuliko waraka. Wanaoishi mbali wanaweza kuunganishwa kwa simu, mradi msimamizi ajulikane na maneno ya kambini yasiingizwe humo.

Kwa upande wao, wazazi nao wana wajibu. Wasimwandikie kijana kila ugomvi wa shamba na kila deni la dukani, wakampa mzigo ambao hawezi kuutua akiwa huko. Wasimshawishi kuacha mafunzo kwa kuwa tu nyumba imepwaya. Na wazazi wa Kizimkazi hasa, pamoja na majirani zao wa Makunduchi na Mtende, tunawaambia neno hili kwa mapenzi. Fahari ya kuwa Amiri Jeshi Mkuu ametoka kijijini kwenu ni fahari ya haki, lakini isigeuzwe mlango wa nyuma wa kumwombea kijana nafuu au kuipata habari ambayo mzazi wa Micheweni au wa Mafia hawezi kuipata. Utaratibu mzuri ni ule unaomfikia mwenye jamaa na asiye na jamaa kwa kipimo kimoja. Ukiwepo huo, hakuna atakayehitaji mlango wa nyuma.

Na tusisahau kwa nini vijana hawa wanafunzwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi. Tarehe 18 Julai, 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Katika misiba yote miwili askari wa KMKM walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuwatafuta walio hai na kuwatoa maiti. Kila nyumba ya visiwa hivi ilipata pigo au ilimjua aliyepata. Siku zile hakuna aliyeuliza kwa nini mafunzo ya uokozi ni marefu. Watu walitamani waokozi wawe wengi zaidi na wafunzwe zaidi.

Waokozi hao ni watoto wa watu. Serikali inapomwomba mzazi amtoe mwanawe kwa ajili ya bahari ya wote, mzazi hatoi hesabu wala hadai malipo. Anastahili basi kupewa kile ambacho nahodha wa dago hakumnyima mtu wa nyumba ya mvuvi wake. Gharama yake ni simu moja, ofisa mmoja na uangalifu kidogo. Tunaamini kwamba wahusika wa Kibweni na wa Kigamboni wakilitazama jambo hili kwa jicho la mzazi, kama wengi wao walivyo wazazi, hawatashindwa kulitekeleza.