KIWANJA KIPYA CHA NDEGE KIWEKWE WAPI?

Hesabu zinazopaswa kufanywa kabla ya ardhi kupimwa

Kila inaposikika kwamba sehemu fulani ya nchi itajengewa kiwanja kikubwa cha ndege, mazungumzo huanza sokoni, ndani ya mabasi na katika mabaraza ya machifu. Mfanya biashara hutaka kiwe karibu na ghala yake. Mkulima huogopa kwamba vigingi vya wapima ardhi vitapigwa katikati ya shamba lake. Kila mji hujiona kuwa ndio unaostahili, nao wazee walikwisha sema kwamba kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Si ajabu watu kushindana kwa jambo kama hili, maana kiwanja kikishajengwa hakihamishwi. Ardhi iliyotandazwa lami hailimwi tena, na fedha zilizotumika hazirudi. Kwa hiyo yafaa kila raia ajue mambo yanayopimwa kabla ya mahali kuchaguliwa, ili atakapoulizwa shauri lake aweze kujibu kwa maarifa. Tutaeleza jambo hili kwa mfano wa Kisumu na Eldoret, miji miwili ya magharibi ya Kenya ambayo viwanja vyake vilileta ubishi mkubwa.

MIJI MIWILI

Kisumu ni mji wa safari tangu zamani. Reli kutoka Mombasa ilifika huko mwaka 1901, na mwishoni mwa miaka ya 1930 eropleni za majini za Imperial Airways, zilizosafiri kati ya Uingereza na Afrika ya Kusini, zilikuwa zikitua katika ziwa mahali hapo. Kiwanja cha nchi kavu pia kilikuwapo, lakini njia yake ya kurukia ilikuwa fupi, haikufaa eropleni kubwa.

Katika miaka ya 1990 Serikali ya Rais Daniel arap Moi iliamua kujenga kiwanja kipya, si Kisumu, bali Eldoret, mwendo wa kilomita zipatazo 120 kutoka hapo. Kazi ilianza mwaka 1995, na kiwanja kikafunguliwa mwaka 1997.

Waliokipinga walisema kwamba ingekuwa nafuu kupanua kile cha Kisumu, mji uliokuwa mkubwa zaidi katika magharibi ya nchi wakati huo. Nchi zilizokuwa zikiikopesha Kenya ziliuliza kwa nini fedha nyingi zitumike hivyo wakati nchi ina madeni. Wengine walisema wazi kwamba Eldoret ilipendelewa kwa kuwa imo katika Bonde la Ufa, nyumbani kwa Rais. Waliokitetea walijibu kwamba Eldoret imezungukwa na mashamba ya mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Iko katika njia kuu iendayo Uganda. Na mtu wa huko hulazimika kusafiri kilomita 300 na zaidi ili kufika Nairobi. Watu wa Kisumu walingoja zaidi ya miaka kumi kabla ya kiwanja chao kurefushwa na kupewa cheo cha kimataifa.

Ni upande gani uliokuwa na haki? Tutazame hesabu zenyewe.

HESABU YA HEWA

Eropleni huinuliwa na hewa ipitayo juu na chini ya mabawa yake. Mahali palipoinuka sana hewa ni nyepesi. Mabawa hupata msaada mdogo, na injini nazo hupungukiwa na nguvu. Kwa hiyo eropleni sharti ikimbie mwendo mrefu zaidi kabla ya kuruka. Wahandisi hutumia kanuni hii: kwa kila mita 300 za kuinuka juu ya usawa wa bahari, urefu wa njia ya kurukia huongezwa kwa sehemu 7 katika 100.

Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Eropleni ambayo ingetosheka na njia ya mita 2,000 kule pwani, pale Eldoret huhitaji karibu mita 3,000. Kisumu iko mita 1,150 hivi, na eropleni ileile ingehitaji kiasi cha mita 2,540. Kwa hesabu hii, njia ya Eldoret kuwa na urefu wa karibu mita 3,500 si majivuno; ni gharama ya kimo. Hata hivyo, Kisumu ina joto kuliko Eldoret, nalo joto hufanya hewa kuwa nyepesi. Hii ndiyo sababu katika nchi za joto eropleni za mizigo mara nyingi huondoka usiku au alfajiri, maana wakati wa mchana zingelazimika kupunguza mizigo.

HESABU YA ARDHI

Kiwanja hutaka mahali tambarare, pasipotuama maji, na pasipo na vilima mbele ya njia ya kurukia. Uwanda wa Eldoret una sifa hiyo. Kiwanja cha Kisumu kiko kando ya ziwa. Upande wa maji hauna vilima wala majumba, lakini pande nyingine kuna mji na makazi ya watu, na mbele zaidi iko miinuko ya Nandi. Tena ziwa huleta ndege wapendao maji, na ndege mmoja mkubwa akiingia ndani ya injini aweza kuleta hatari. Kwa sababu hiyo majaa ya taka hayatakiwi karibu na kiwanja cho chote.

HESABU YA WATU

Hii ndiyo hesabu iliyosahauliwa mara nyingi. Kiwanja cha Embakasi, Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1958, kilijengwa kwa kazi ya wafungwa na watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Hao hawakuulizwa shauri. Kiliwekwa nje ya mji, katika mbuga. Leo mji umekifuata mpaka mlangoni. Mwenye kupanga kiwanja sharti afikiri, si nyumba zilizopo leo tu, bali na zitakazojengwa miaka 50 ijayo.

Kadhalika kuna wale wanaotolewa katika ardhi yao. Faida ya kiwanja huenea kwa watu wengi, kila mmoja akapata kidogo. Lakini hasara huwaangukia wachache, nao huipata yote kwa siku moja. Mtu aliyezika wazazi wake katika shamba lile hawezi kulipwa kwa bei ya mahindi tu.

HESABU YA MIZIGO

Kiwanja cha biashara hakiishi kwa abiria peke yao. Eropleni ya mizigo hupata faida ikiwa imejaa wakati wa kuja na wakati wa kwenda. Nairobi hupeleka ng'ambo maua na mboga mbichi kila siku. Eldoret ilipata eropleni zinazoleta bidhaa kutoka nchi za Ghuba, lakini lalamiko lililosikika mara kwa mara ni kwamba zilifika zimejaa na kuondoka karibu tupu. Mahindi na ngano ni mazito na bei yake kwa kilo ni ndogo. Hayawezi kulipa nauli ya angani. Wakulima waliohitaji kiwanja walihitaji pia mazao yafaayo kusafirishwa kwa ndege, nyumba za baridi za kuyahifadhi, na barabara nzuri za kuyafikisha.

NCHI NYINGINE

Mnamo mwaka 1968 Serikali ya Uingereza iliunda tume, chini ya jaji Roskill, ichague mahali pa kiwanja cha tatu cha London. Tume ilipima mahali pane kwa hesabu ndefu za fedha, na mwaka 1971 ikapendekeza Cublington. Mjumbe mmoja, Colin Buchanan, alikataa kukubaliana na wenzake. Wanavijiji waliandamana, maana hata kanisa la Stewkley, lililojengwa katika karne ya 12, lingebomolewa. Serikali ikachagua Foulness, penye pwani. Mwaka 1974 ikaacha mpango huo. Mwishowe kilipanuliwa kiwanja cha zamani cha Stansted, ambacho hakikuwa miongoni mwa mahali pane palipopimwa. Kwa hiyo hesabu peke yake haitoshi, ikiwa watu wanaohusika hawakuridhika nayo.

Jirani zetu wa Tanzania walifuata njia nyingine. Kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, kiliwekwa kati ya Arusha na Moshi, kisiwe mali ya mji mmoja. Bei yake ni kwamba watu wa miji yote miwili husafiri mwendo mrefu kwa gari kabla ya kupanda ndege.

YAPASAYO KUULIZWA

Tukirudi kwa Eldoret na Kisumu, twaona kwamba kila mji ulikuwa na sifa ambayo mwenzake hakuwa nayo: mmoja ulikuwa na uwanda mpana, wa pili ulikuwa na hewa nzito zaidi na kiwanja kilichokwisha anzwa. Kilichopungua ni hesabu kuwekwa mbele ya watu kabla ya uamuzi. Kwa kuwa hazikuonekana, kila mtu alijaza nafasi yake kwa dhana, na dhana zikazaa chuki kati ya majirani.

Siku hizi sheria ya Kenya humpa raia nguvu zaidi. Tangu sheria ya mazingira ya mwaka 1999, kazi kubwa kama hii sharti ichunguzwe kwanza madhara yake. Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba ardhi ikichukuliwa kwa faida ya umma, mwenyewe sharti alipwe fidia ya haki, yote, bila kukawia. Tena yaruhusu kulipwa hata wale wakaao kwa nia njema bila hati. Nia ya kuchukua ardhi hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na Tume ya Taifa ya Ardhi hufanya kikao cha kusikiliza madai.

Basi wapima ardhi watakapofika kwenu, msiwafukuze, wala msinyamaze. Ulizeni mahali pengine palipopimwa ni wapi, na kwa nini pamekataliwa. Ulizeni ni mizigo gani itakayoondoka hapo, na nani atalipa deni. Ulizeni fidia italipwa lini, na ombeni jibu kwa maandishi. Hudhurieni kikao, mkichukua hati zenu, majina ya waliomo katika ardhi, na idadi ya miti na makaburi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na ardhi ndiyo mali iliyo kubwa kuliko zote.