Kiiraqw, Kiarabu na Mkia wa Kitenzi

Mwanafunzi wa Endasak, wilayani Hanang, aliyelelewa kwa Kiiraqw huingia darasani akiwa na sarufi mbili zisizofanana. Kiswahili hutanguliza nafsi: nilikuja, ulikuja, alikuja, na "alikuja" haielezi kama aliyekuja ni mume au mke. Kiiraqw, ambacho wengi hukiita Kimbulu, huweka alama ya nafsi mwishoni mwa kitenzi, tena humtenga mwanamke na mwanamume. La ajabu ni kwamba alama ya mwanamke ndiyo hiyo hiyo ya "wewe": sauti t, ambayo pengine hubadilika ikigusana na konsonanti jirani. Alama ya "sisi" ni n.

Ajuaye Kiarabu atashtuka. Katika Kiarabu, taktubu ni "unaandika", na pia ni "anaandika" kwa mwanamke; kwa mwanamume ni yaktubu, na "tunaandika" ni naktubu. Hapo wapendao njia ya mkato hulishika jina la Wairaqw, wakalifungamanisha na nchi ya Iraki, wakahitimisha kuwa watu hao walitoka huko. Kufanana kwa majina si ushahidi hata kidogo. Lakini hizo t na n zadai maelezo, kwani ni nadra lugha kuazima alama za nafsi.

Shahidi ni Kisomali, ambacho pamoja na Kiiraqw huhesabiwa katika jamii ya Kikushi. Nacho huweka alama nyuma: keenaa "ninaleta", keentaa "unaleta" au "analeta" (mwanamke), keennaa "tunaleta". Hata hivyo kimehifadhi vitenzi vichache mno vya kale ambavyo huziweka mbele, kama Kiarabu: timid "ulikuja" au "alikuja" (mwanamke), yimid "alikuja" (mwanamume), nimid "tulikuja".

Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu Mjerumani Franz Praetorius alitoa ufumbuzi ambao wengi wanaukubali hadi leo. Wakushi wa kale walizoea kufuatisha nyuma ya kitenzi kikuu kitenzi kisaidizi kifupi, labda chenye maana ya "kusema" au "kuwa", nacho kilibeba alama ya nafsi mbele. Vitenzi hivyo viwili vikashikamana, kile kisaidizi kikamomonyoka, ikabaki alama tu. Ndivyo "ataka kuja" ilivyozaa "atakuja" ya Kiswahili. Basi kinachoonekana kuwa mkia wa kitenzi cha Kiiraqw ni kichwa cha kitenzi kingine kilichotoweka.

Kiarabu na Kiiraqw ni matawi ya jamii moja kubwa, Afro-Asia, pamoja na Kiberberi na Kihausa. T hiyo ni ya kale kuliko lugha zote hizo. Mwaka 2003 Roland Kießling na Maarten Mous walichapisha msamiati uliojengwa upya wa lugha mama ya Kiiraqw, Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge. Lugha hizo nne zimekwisha kuvipoteza vitenzi vya namna ya yimid. Bila Wasomali, asili ya mkia huo ingekuwa vigumu kuigundua kutoka Hanang peke yake.