Barafu Isiyoonekana ya Helvellyn

Nimezaliwa Marangu, na marehemu baba alikuwa mgumu, mmoja wa wale wanaobeba mizigo ya wageni kupanda Kilimanjaro. Sasa naishi kaskazini mwa Uingereza. Waswahili wenzangu wa huku wakisikia naenda kupanda Helvellyn mwezi wa Novemba, hushangaa: mlima wa mita 950 una nini cha kuogopwa? Ni kweli, kilele chake hakifiki Lango la Marangu, pale ambapo safari ya Kilimanjaro ndiyo kwanza inaanza. Lakini ubaya wa mlima haupimwi kwa kimo peke yake.

Helvellyn ni mlima wa tatu kwa urefu England, katika eneo la maziwa na milima liitwalo Lake District. Njia yake mashuhuri ni Striding Edge, mgongo mwembamba wa mawe unaoelekea kileleni kutoka mashariki. Kuna mahali unapita ukiwa na nafasi ya hatua moja tu. Ukiwa unapanda, kulia kwako, mbali chini, kuna ziwa dogo la Red Tarn, na kushoto kuna bonde la Nethermost Cove. Mwaka 1805 mchoraji Charles Gough alifia kwenye mlima huu. Mwili wake ulipatikana baada ya miezi mitatu, na mbwa wake alikuwa bado yuko kando yake.

Wengi huogopa theluji ya Januari. Mimi naogopa zaidi mwisho wa majira ya kupukutika majani. Theluji unaiona tangu bondeni, ukajiandaa. Mwishoni mwa Novemba mlima bado una rangi yake ya kahawia, nyasi zimekauka, na jua linawaka. Ila jua lenyewe ni la chini mno. Sisi tuliokulia karibu na Ikweta tumezoea jua la utosini. Huku, wakati huo wa mwaka, hata saa sita mchana haliinuki kufikia digrii 20 juu ya upeo wa macho. Upande wa mwamba unaotazama kaskazini unaweza kushinda kivulini kutwa nzima, na kilichoganda usiku hakiyeyuki.

Barafu yenyewe hutokana na maji ya kawaida tu. Mvua ya jana imelowanisha mwamba, au maji yanachuruzika kutoka kwenye nyufa. Usiku mbingu zikiwa wazi, jiwe hupoteza joto lake upesi, na maji yale huganda yakawa utando mwembamba usio na rangi. Unachokiona ni jiwe, lakini unachokikanyaga ni barafu. Yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti hayasaidii sana hapo, kwa kuwa utando hauna kina cha kushika. Yanakwaruza mwamba na kuteleza.

Karibu na mwisho wa Striding Edge kuna mteremko mfupi kati ya miamba, ambapo lazima ushuke kwa mikono na miguu. Novemba iliyopita nilisimama juu yake na rafiki yangu, kijana wa Mombasa. Niligonga kidato cha kwanza kwa ncha ya fimbo, fimbo ikateleza. Nikavua glavu na kukipapasa: kilikuwa laini kama sahani iliyopakwa mafuta. Kidato cha pili nacho vivyo hivyo.

“Dada, kilele si kile pale?” akaniuliza.

“Ndicho. Na sisi tunarudi.”

Hakubisha. Tulirudi taratibu kwa njia ile ile, mikono ikishika mwamba, tukafika kijiji cha Glenridding kabla ya giza. Na giza la huko halichelewi: mwishoni mwa Novemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri.

Wakati wa baridi, wakaguzi wa hifadhi ya Lake District hupanda Helvellyn kila siku na kutangaza hali ya njia, lakini kazi hiyo huanza Desemba. Novemba unajikagulia mwenyewe. Kwa hiyo anza safari mapema. Beba tochi ya kichwani, nguo za ziada na filimbi. Kumbuka kwamba joto hupungua kama digrii 6 au 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hata kabla ya kuhesabu upepo. Ukipatwa na shida, puliza filimbi mara sita kwa dakika moja, pumzika dakika, kisha rudia. Simu ikishika, piga 999, omba polisi, halafu waambie unataka uokoaji wa milimani. Watakaokuja ni watu wa kujitolea, wanaoacha kazi na familia zao kukufuata kwenye baridi.

Zaidi ya yote, amua mapema. Kabla mgongo haujaanza kuna ukuta wa mawe, mahali paitwapo Hole-in-the-Wall. Simama hapo, yaguse mawe yaliyo kivulini. Yakiwa na barafu, geuka. Kilele kitakuwepo mwezi wa Mei, na ni wajibu wako nawe uwepo.