Kengele ya Simu Haitoshi: Vidonge, Imani na Saratani ya Matiti kwa Wamarekani Weusi

Mwezi Juni 1989, Sista Thea Bowman, Mmarekani mweusi wa Shirika la Masista Wafransisko wa Kuabudu Daima, alizungumza na maaskofu wa Marekani akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Aliwaeleza kwamba mtu mweusi anapoingia katika Kanisa huingia mzima mzima, pamoja na historia yake, nyimbo zake na namna yake ya kusali. Saratani ya matiti iligunduliwa mwilini mwake mwaka 1984, na alifariki tarehe 30 Machi 1990 akiwa na miaka 52. Leo ni Mtumishi wa Mungu. Mchakato wa kumtangaza mtakatifu ulifunguliwa mwaka 2018.

Tunamtaja kwa sababu jambo alilolidai katika liturujia, watu wa afya nchini mwake wanalihitaji sasa katika kazi nyingine kabisa: kutengeneza programu za simu zinazomsaidia mgonjwa asiache dawa.

Nchini Marekani wanawake weusi hawaugui saratani ya matiti zaidi ya wazungu. Kwa kweli huugua pungufu kidogo. Lakini kiwango chao cha vifo kiko juu kwa karibu asilimia 40. Sababu ni nyingi: aina kali ya ugonjwa inayowapata zaidi, kuchelewa kupimwa, bima duni. Sababu mojawapo iko ndani ya kichupa cha vidonge. Saratani nyingi za matiti hulishwa na homoni, na baada ya upasuaji mgonjwa hupewa kidonge kama tamoksifeni au anastrozoli, kimoja kila siku, kwa miaka 5 na wakati mwingine 10. Kuvimaliza ni kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wanawake 8,769 wa California ulionyesha kwamba ni asilimia 49 tu waliotumia dawa kwa muda wote na kwa utaratibu unaotakiwa. Hao walikuwa wa rangi zote.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kengele: simu ilie, mgonjwa akumbuke, ameze. Jambo hilo lilijaribiwa. Wagonjwa zaidi ya 700 waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likatumiwa ujumbe mfupi mara mbili kwa wiki kwa miezi 36. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 hayakuonyesha nafuu yoyote katika kuzingatia dawa. Sisi wa seminarini hatushangai sana. Tunazo programu za kutukumbusha Masifu ya Asubuhi, na bado wapo wanaoizima simu na kugeukia upande wa pili.

Anayeacha kidonge mara nyingi hajasahau. Kinamtesa. Dawa hizi huleta joto la ghafla mwilini, maumivu ya viungo na usiku usio na usingizi. Hapo wanawake weusi wana mzigo wa ziada: utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu ukomo wa hedhi uligundua kwamba kwao vipindi vya joto hudumu kwa wastani miaka 10 hivi, wakati kwa wazungu ni 6 na nusu. Mwanamke ambaye tayari analowa jasho usiku anaongezewa kidonge kinachozidisha jasho, kisha simu inamwambia tu, "Meza."

Halafu lipo suala la kuaminiana. Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600 huko Tuskegee, Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende, nao hawakutibiwa hata baada ya penisilini kupatikana. Habari hiyo husimuliwa majumbani hadi leo. Kwa hiyo mama anapouliza, "Hizi taarifa zangu zinakwenda kwa nani?" anauliza swali la mtu mwenye kumbukumbu. Programu isiyolijibu kwa lugha nyepesi tangu ukurasa wa kwanza itafutwa kwenye simu, na sisi tungeona amefanya sawa.

Waseminari wanalijua neno utamadunisho, na hapa linafaa. Kuweka picha ya mwanamke mweusi kwenye kioo cha simu ni sawa na kumvika Padre kanzu ya kitenge huku mahubiri yakibaki ya kigeni. Kazi ya ndani zaidi ni kumsikilizisha mgonjwa sauti ya mwanamke kama yeye, aliyemaliza miaka yake mitano, akieleza alivyovumilia viungo kuuma na alivyomwomba daktari ambadilishie dawa. Ni kumpa mahali pa kuandika "leo sikumeza, na sababu ni hii," maneno hayo yakamfikia muuguzi anayepiga simu kweli. Ni kumwonyesha pia pa kupata msaada wa gharama, maana wako wanaoruka siku ili kichupa kifike mwisho wa mwezi.

Na imani? Wamarekani weusi wengi ni Waprotestanti, na makanisa yao yamekuwa shule za afya kwa muda mrefu. Huko Arkansas, tangu miaka ya 1990, wanawake weusi waliopona saratani wamekuwa wakisimama makanisani kutoa ushuhuda wa ugonjwa wao, kama wanavyoshuhudia wokovu, na kuwahimiza wenzao wapimwe. Programu inaweza kubeba shuhuda za namna hiyo. Inaweza pia kumjibu mama anayesema ameacha vidonge kwa kuwa amemkabidhi Mungu yote. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kusali pia, wala haoni ugomvi kati ya hayo mawili.

Ila mgonjwa asidhaniwe. Si kila mwanamke mweusi ni mtu wa kanisa, na aliye wa kanisa huenda siku hiyo amemkasirikia Mungu. Programu njema humwuliza kwanza kama anataka sala, na humwachia kitufe cha kuizima.