Maajabu Yaonwayo na Madereva wa Malori

Mtu akaaye mahali pamoja hudhani kwamba dereva wa lori haoni kitu safarini ila vumbi na mawe ya maili. Sivyo. Barabara itokayo Mombasa kwenda Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 480, ina mambo ambayo dereva akiyasimulia nyumbani huambiwa kuwa ametia chumvi.

Ajabu ya kwanza humngojea katika nyika ya Taru. Saa saba ya mchana dereva mgeni huona mbele yake maji yametanda barabarani, yakimeremeta, na lori lijalo huonekana kama linaogelea. Hupunguza mwendo, lakini kadiri anavyosogea ndivyo maji yanavyorudi nyuma, hata yakatoweka. Haya ndiyo mazigazi, wala hapana uchawi ndani yake. Lami hupata moto, na hewa iliyo karibu nayo hupata moto pia. Mwanga utokao mbinguni hupindika unapopita katika hewa hiyo, ukayafikia macho kana kwamba umetoka chini. Basi aonacho dereva si maji, bali ni mbingu.

Mbele kidogo, huko Mackinnon Road, pana msikiti kando ya reli, na ndani yake kaburi la Seyyid Baghali Shah. Yasemekana kwamba alikuwa mmoja wa waliotoka Bara Hindi kuja kujenga reli, na kwamba karai alilochukua lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Wasafiri wengi, hata wasio Waislamu, husimama hapo wakaomba salama ya safari.

Na salama hiyo yahitajiwa, kwa maana baada ya Voi barabara hupita katikati ya mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948. Hapo mgeni hushangaa kuona ndovu wekundu kama matofali. Hawakuzaliwa hivyo. Hujirushia vumbi na kugaagaa katika matope ili kujikinga na jua na wadudu, na udongo wa nchi ile ni mwekundu.

Ndovu huyo awafurahishaye watu mchana ndiye hatari kubwa ya usiku. Udongo ulioganda mwilini mwake haurudishi mwanga vema, na sehemu kubwa ya mwili iko juu, ambapo taa za lori huangaza chini. Dereva aliyetiwa kiwi na taa za gari lijalo huona giza tupu mbele yake, kumbe giza lile ni ndovu. Dume huweza kuwa na uzito wa tani 5 na zaidi. Katika mgongano wa namna hiyo hapana mshindi. Reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengewa mapito ili wanyama wavuke chini yake. Barabarani, dereva ndiye wa kuwapisha.

Simba nao hudanganya macho. Taniboi amwonaye simba asiye na manyoya shingoni humdhania kuwa jike, lakini madume wengi wa Tsavo hawana manyoya hayo, au wanayo machache. Ndivyo walivyokuwa wale wawili waliowaua wajenzi wa daraja la reli mwaka 1898. Kwa hiyo lori likiharibika usiku, wazoefu hukesha ndani yake.

Aendeleaye mpaka Timboroa, karibu na mstari wa Ikweta, huenda akakuta mvua ya mawe imeifanya nchi kuwa nyeupe, naye alitoka Mombasa shati limelowa jasho.

Mambo haya yana funzo moja. Mchana barabara humwonyesha dereva kitu kisichokuwapo. Usiku humficha kilichopo. Kosa la kwanza humletea kicheko, la pili huwaletea watoto wake msiba. Basi usiku mwenye busara huenda kwa mwendo ambao aweza kusimama kabla ya mwisho wa mwanga wa taa zake. Mwenda pole hajikwai.